Kikohozi cha Mama wa Masjala

Mama wa masjala hufungua mafaili kwa vifundo vya vidole, maana ncha zake zote zimepindia upande mmoja. Kila baada ya faili la tatu hukohoa: kikohozi kikavu, mara mbili, kisha mluzi mwembamba wa pumzi. Karani wa meza ya pili, fundi wa kuigiza watu, alikuwa amekikariri kikohozi hicho hadi mluzi wake. Siku moja alikiigiza, ofisi nzima ikashika mbavu kwa kicheko, mara wote wakainamia karatasi. Mama alikuwa mlangoni.

“Nisamehe, mama, nilikuwa natania tu.” Karani alitamani meza immeze.

“Umekipatia, baba,” alisema mama bila hasira. “Mwili wangu unajipiga wenyewe, kinga yake imenigeukia. Ulianza na viungo, na sasa daktari anashuku njia za hewa zimevimba, zinakakamaa. Anataka kukisikia kikohozi hiki, lakini nikifika kwake kinajificha. Kesho twende, ukamwigizie.”

Kesho yake, mbele ya daktari, karani alikunja ngumi mdomoni, akajaribu, akajaribu tena. Koo lilikuwa limekauka kwa aibu, hakikutoka kitu.

Mama akampigapiga mgongoni. “Umeona? Na mimi kikohozi hunifanyia hivyo hivyo nikifika hapa.”