Siku Nilipouhamisha Wimbo wa Mama

Katika ukoo wetu bi harusi hatiwi hina bila wimbo aliotunga marehemu mama, na mwenye kuuimba ni mdogo wangu anayekaa Jomvu Kuu. Mimi niko huku Timbwani. Tangu usichana wetu yeye ndiye sauti, mimi kazi yangu kuitikia.

Basi harusini nyumbani kwa kaka yetu, alipofika mstari wa pili, ule unaopanda, sauti ikamkatikia juu. Wifi yetu akasema mbele ya wanawake wote ati jogoo huyu ana mafua, mtoeni juani. Watu wakacheka, na mdogo wangu akacheka nao. Jioni akanipigia simu.

"Dada, mimi basi. Kwa mjukuu wako mtaweka spika."

Mjukuu mwenyewe alikuwa amebakisha miezi miwili aolewe. Nikamuuliza baba yake, mkwe wangu, ambaye hupiga gitaa hotelini, kama kuna dawa ya wimbo kuwa juu. Akasema dawa ni kuushusha wote, na gitaa limwonyeshe mwimbaji pa kuanzia. Lakini siku ya hina ni ya wanawake, yeye hawezi kuingia. Nikamwambia basi nifundishe mimi. Alidhani natania.

Kufundishwa na mkwe si mchezo. Hawezi kunishika vidole aviweke kwenye nyuzi, ni haya kwake na kwangu. Yeye barazani, mimi sebuleni, mlango wazi, akinitajia uzi na kidole. Akanionyesha kordi nyepesi nyepesi, yaani nyuzi kadhaa unazobana na kuzipiga kwa pamoja. Kwa kordi tatu ziitwazo C, F na G wimbo wa mama ukatoka, ila ulikuwa palepale juu.

Nikajitia ujuzi. Nikamtoa C, nikamweka G mahali pake, F nikamwacha alipo. Wallahi ulitoka kama mtu aliyevaa viatu vya watu wawili. Mkwe kule barazani akakohoa kwa adabu.

"Mama, umemhamisha mwenye nyumba peke yake. Watu wake umewaacha."

Akanieleza kuwa kordi hukaa kwa nyumba, wao huita kii. Unahesabu kuanzia mwenye nyumba. Wa kwanza, wa nne na wa tano ni wachangamfu, ndio waubebao wimbo. Wa pili, wa tatu na wa sita wana huzuni kidogo. Kwa C, wa nne ni F, wa tano ni G. Ukihamia kwa G unahesabu upya: G, A, B, C, D. Wa nne sasa ni C, wa tano D. Yule F humo si wa nyumba.

Shule niliiachia darasa la tatu, lakini hapo mkwe alikuwa amekuja kwangu. Mimi ndiye ninayeulizwa nani ni nani kwa nani, kabla watu hawajaposana. Majina yote ninayo, ya walio hai na waliotangulia. Siyaandiki kwa kuwa wenyewe wana maneno. Mimi hapa ni nyanya, kwa watoto wa kaka yangu ni shangazi, kwa mkwe ni mama wa kusemeshwa kwa mbali. Mtu ni yuleyule. Na G naye kumbe ni hivyo: kwa C ni wa tano, anayekurudisha nyumbani, kwake ni mwenye nyumba. Nilicheka peke yangu mpaka mkwe akauliza kuna nini.

Nikampigia mdogo wangu simu, nikaiweka kitini, nikampigia wimbo kwa G. Halafu akauimba chini chini kama anayeonja chumvi, na mstari wa pili akaupita. Akasema atakuja, lakini akikwama mimi ndiye wa kuchekwa.

Siku ya hina wifi alikaa mbele kabisa. Kabla sijagusa uzi, mdogo wangu akamwona bi harusi, furaha ikamzidi, akaanza mwenyewe. Na hakuanza kwa G. Nikamtafuta kwa uzi mmoja, taratibu. Yuko A. Bado ni chini ya kule kwa zamani, lakini nyumba hiyo hatukuwahi kuikanyaga. Nikahesabu kwa midomo kama mtu wa tasbihi: A, B, C, D, E. Wa nne D, wa tano E. Wote nawajua, tumekutana katika zile nyepesi za mkwe.

Mstari wa pili ukaja. Akapanda, nikaingia na D chini yake, akakaa kule juu apendavyo. E akatuteremsha, tukafika kwa A pamoja. Wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa wifi.

"Huyu jogoo kapona kwa dawa gani?"

"Muulize daktari wangu," mdogo wangu akasema. "Huyo hapo, mwenye nyuzi sita."

Tuliurudia mara tatu. Nilipotoka, mkwe alikuwa amesimama nje ya ukuta, kofia mkononi, macho chini kama kawaida yake.

"Mama, nimesikia A."

"Alihama bila kuniaga," nikamwambia. "Nikawafungasha watu wote nikamfuata."