Uwanja Usio na Uzio

Fundi bomba alipoanza kusahau, hakuanza na majina ya watu. Alianza na vifaa vyake. Alisimama mbele ya sinki la mteja akiitazama spana kama kitu alichoshikishwa na mpita njia. Daktari alimwambia mkewe, mshona mapazia, kwamba dawa ya kumrudisha haipo. Amtembeze tu, miguu isiishe nguvu.

Jirani kulikuwa na bustani yenye uwanja wa gofu ya visahani. Unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo, kisha unakwenda kikapu kinachofuata. Mkewe aliupenda kwa sababu ulikuwa wa bure, hauna uzio wala mlinzi wa kukuuliza unatafuta nini. Kivuli kilikuwa tele. Na minyororo ikigongwa, mzee, ambaye siku hizo hakuwa mtu wa kucheka, alicheka.

Mabaya yake pia aliyaona. Pa kurushia palikuwa udongo mtupu, na mvua ikinyesha palikuwa utelezi mtupu. Wapita njia walikatiza katikati ya mchezo. Vibao vya kuonyesha njia vilishang'olewa, kwa hiyo ukitoka kikapu cha tano, kama huijui njia, cha sita hukioni. Kushoto vichaka, kulia kinamasi.

"Wifi, kaka yangu umemfanya mtoto?" dada wa mzee alimuuliza. "Mtu mzima kukimbizana na visahani?"

"Huko angalau anajua la kufanya, wifi. Hapa nyumbani hata kiti chake hakijui."

Wakaendelea hivyo, na siku nyingine mzee alimshinda. "Leo umepatikana, mama watoto," alimwambia, na kwa kitambo kidogo akawa yule yule aliyemuoa.

Kisha ikaja siku kisahani cha mkewe kilipopotelea vichakani, pale pale kikapu cha tano.

"Nisubiri hapa, baba," alisema, akainama kuingia.

Alipotoka, mzee hayupo. Aliita mpaka sauti ikakauka. Mchezaji mmoja alisema alimwona akipita, tena kwa haraka, akadhani anajua aendako. Walimkuta jioni ndani ya kinamasi, maji kiunoni, akipapasa chini.

"Bomba limepasuka huku," aliwaambia. "Fungeni maji kule juu."

Alilazwa kwa homa ya mapafu. Aliporudi, hakuwa na nguvu wala maneno mengi. Mkewe alimpa kisahani akishike, labda kingemkumbusha kitu. Alikiweka mapajani, akangoja atiliwe chakula.

Mkewe alikwenda kwa wenye bustani kuomba vibao virudishwe. Ofisa alimsikiliza vizuri, kisha akamwambia kwamba uwanja ukileta matatizo watauondoa. Mkewe hakurudi tena kuomba.

Wifi yake hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wifi alinunua kitasa kipya cha mlango, akasimama hapo fundi seremala akikifunga, akamkabidhi ufunguo.

"Tufanyeje, wifi?" alisema. "Huyu ndugu yangu, na wewe ndugu yangu."

Sasa mkewe anashona huku ameupa mlango mgongo. Mwanzoni mzee alikizungusha kitasa asubuhi nzima. Siku hizi anakigusa tu, anarudi kukaa. Akitaka kuinuka, inabidi ashikwe mikono yote miwili.