Picha ya Mama Katika Ukumbi wa Mji

Mama alichorwa wakati baba hayupo. Tuliishi Bondeni, yeye, mimi na ndugu zangu wawili wadogo, katika chumba kimoja cha mawe. Upande wa pili wa ukuta aliishi mama mmoja Mwislamu, mshona nguo, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Mombasa zamani, wakati wa kujengwa kwa reli. Mama alifua na kupiga pasi Milimani, nyumbani kwa mzungu mmoja aliyekuwa daktari wa mifugo. Mke wa mzungu huyo ndiye aliyekuwa mchoraji.

Baba alichukuliwa asubuhi, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, pamoja na wanaume wengine wa mtaa wetu. Walipakiwa kwenye lori, tukaambiwa wanakwenda kuulizwa maswali. Wengine walirudi jioni ile ile. Baba hakurudi. Mama alikwenda bomani, ofisi ya serikali, kuulizia, akaambiwa arudi wiki ijayo. Aliporudi akaambiwa jina hilo halimo. Mara nyingine aliambiwa limo, lakini kambi aliyofungiwa haijulikani. Baada ya miezi mingi aliacha kwenda. Hakuwa amekata tamaa. Ni kwamba kila alipouliza, alirudi nyumbani akijua kidogo kuliko alichokijua alipoondoka.

Habari ya kuchorwa alitusimulia mwenyewe, huku akicheka kidogo. Memsabu, ndivyo alivyomwita yule mchoraji, alimkuta kwenye chumba cha kupigia pasi, akamwambia aketi kwenye kigoda kando ya dirisha na asitikisike. Mama alifikiri amefanya kosa. Aliketi, mashati yamerundikana, makaa yanapoa ndani ya pasi, na memsabu akimtazama kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Akawa hajui kama anafanya kazi au anapumzika, wala kama jioni ataulizwa mbona mashati hayajakwisha. Memsabu alifanya hivyo siku kadhaa. Mama alipoomba aone, memsabu aliigeuza picha ukutani akasema bado.

Kisha akasikia kwamba picha imepelekwa kwenye ukumbi wa mji, pamoja na picha za wazungu wengine waliopenda kuchora, na kwamba Jumamosi alasiri Waafrika nao wataruhusiwa kuingia. Memsabu alimwambia aende na watoto. Mama alituvalisha nguo za kanisani. Mlangoni askari alimtaka pasibuku, kile kitabu cha ruhusa ya kutembea, akaigeuza huku na huku, kisha akatuuliza tunamtafuta nani humo ndani. Mama akasema, "Najitafuta mimi." Askari alimtazama, akatupisha.

Ndani kulikuwa na ukimya kama wa kanisani, ila hakuna aliyekuwa akiomba. Watu wa mtaani kwetu waliokuwa wametangulia walitembea polepole kando ya kuta, mikono nyuma, wakifuata jinsi walivyomwona mzungu mmoja mzee akifanya. Mama aliniuliza kwa kunong'ona kama tunatakiwa kuvua viatu. Kulikuwa na picha za farasi, za mashamba ya ngano, na za ziwa letu likiwa na maji mengi ya samawati, wakati sisi mwaka ule tuliliona limekauka, likitupeperushia vumbi jeupe hadi kwenye sufuria. Nilimwuliza mama hilo ni ziwa gani. Akasema labda ni la Ulaya.

Tulimpata mama kati ya picha ya maua na picha ya fahali. Picha yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Kitambaa cha kichwani kilikuwa chake, kile cha buluu, na mikono ilikuwa yake, ingawa vidole vya mkono mmoja havikumalizwa. Lakini shavu moja lilipakwa rangi ya kijani.

"Mbona nimeoza?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

Nilimwambia labda ni kivuli. Alisogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande mmoja, kama anayesubiri yule wa ukutani aanze kusema. Kisha akaniambia nisome karatasi ndogo iliyobandikwa chini.

Ni mimi peke yangu nyumbani niliyejua kusoma Kiingereza, na nilikuwa nimeanza juzi juzi tu. Karatasi ilikuwa na neno moja: *Widow*. Neno *window* nililijua vizuri, maana mwalimu wetu alikuwa akilinyooshea fimbo kila asubuhi na darasa zima tunaitikia. Niliona kuna herufi imepungua, nikadhani aliyeandika alikuwa na haraka. Nikamwambia mama wameandika dirisha.

Mama aliitazama tena picha. Kweli, nyuma yake palikuwa na dirisha, na mwanga wote ulitoka huko. "Basi wamechora dirisha," akasema. "Mimi nimewekwa nilizibe tu." Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tulirudi nyumbani, na jirani yetu alipouliza tumeona nini, mama akamwambia tumeona madirisha na ng'ombe.

Siku iliyofuata, baada ya ibada, wanawake wa kanisani kwetu walianza kuja. Mmoja alileta unga, mwingine sukari iliyofungwa kwenye gazeti, mwingine kuni. Mama alifurahi, kisha akashangaa, kwa kuwa walikuwa wengi na hawakuwa wakiongea. Walikaa kitandani, kwenye masanduku na sakafuni. Aliwapa maji. Halafu mmoja wao akaanzisha wimbo, na ulikuwa wimbo wa maziko.

Mama akauliza nani amekufa.

Jirani yetu wa cherehani, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyepata ujasiri. "Dada," akasema, "tumesikia wazungu wameandika pale ukumbini kwamba wewe ni mjane. Sisi tulidhani umeshaambiwa."

Mama alinigeukia. "Wewe ulisema dirisha."

Nikasema ni dirisha. Wakamwita karani wa kanisa, kwa kuwa ndiye aliyeisoma karatasi Jumamosi na kuitangaza habari. Alichuchumaa nje ya mlango, akaandika maneno mawili kwa kidole kwenye vumbi, moja juu ya jingine, akanionyesha herufi ambayo moja lilikuwa nayo na jingine halina. Nililia, nami sikujua kama nilikuwa namlilia baba au ile herufi.

Mtu wa leo anaweza kucheka na kusema ilikuwa picha tu. Lakini siku zile kilichoandikwa na mzungu ndicho kilichokuwa kimekupata. Wao ndio waliosema tuishi wapi, tutembee mpaka wapi na saa ngapi, na baba mwenyewe alipandishwa lori kwa sababu ya kitu kilichoandikwa mahali. Kama waliandika kwamba mama ni mjane, na wakaliweka jambo hilo hadharani kwenye jengo la serikali ya mji, nani angewajua waliokufa kambini kuliko wao?

Kwa hiyo mama akawa katikati. Alikuwa hajui kama aupike ule unga. Alivua kitambaa cha buluu akafunga cheusi, na kabla ya jioni akakivua cheusi akarudia cha buluu. Jirani alimwuliza kwa upole kama kwa dini yetu kuna eda, mjane kukaa ndani, ili ajipange kutusaidia kuchota maji. Mama akasema hawezi kukalia eda ya picha.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kwa baiskeli kutoka shamba la ngano alikofanya kazi, kule Njoro. Habari zilikuwa zimemfikia tayari. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi mkononi na macho yake yalikuwa mekundu. Aliuliza ni ofisi gani iliyotoa habari. Mama akasema ukumbi wa mji. Akauliza ni afisa gani. Mama akasema ni picha. Baba mkubwa alikunywa chai yake yote, kisha akaanza kuuliza upya tangu mwanzo, na majibu yakawa yale yale. Mwishowe akasema mama amwendee huyo mwanamke amwulize uso kwa uso, na mimi niende naye nisikie.

Tulimkuta memsabu uani akikata maua. Mama alisimama mbali kidogo, mikono ameikunja mbele.

"Memsabu, kwa ile picha umeandika bwana yangu amekufa."

"Ndiyo," memsabu akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Pole sana. Mimi nataka watu naona."

"Nani alikuambia?"

Memsabu akashangaa. "Wewe."

"Mimi?"

"Wewe nasema. Ile siku ya mvua mingi. Mimi nauliza, bwana wapi? Wewe nasema, bwana hayuko. Mimi nauliza, narudi? Wewe natingisha kichwa, hapana sema kitu. Uso yako..." Akagusa shavu lake mwenyewe, asipate neno.

Mama akamwambia kwamba habari ya kifo hajaipata kwa mtu yeyote. Baadaye, tukiteremka kurudi Bondeni, aliniambia kwamba siku ile aliikumbuka. Alikuwa akipiga pasi, mvua inanyesha, memsabu akaja kuuliza bwana yuko wapi. Lakini nyumba ile bwana alikuwa mmoja, yule daktari wa ng'ombe, na siku hiyo alikuwa amesafiri kwenda Molo. Mama alidhani anaulizwa habari za huyo. Au labda hakudhani hivyo. Labda aliposikia neno bwana moyo wake ulikwenda moja kwa moja kwa baba, na akajibu kwa ajili ya baba. Hakuweza kukumbuka alimjibu memsabu kuhusu bwana yupi. Alilirudia jambo hilo njia nzima, na kila aliporudia lilibadilika.

Pale uani, memsabu alipoelewa aliona haya, uso wote ukawa mwekundu. Aliapa kwamba mumewe anatibu ng'ombe tu, hajui lolote la kambi. Akasema ataibadilisha karatasi, aandike nini? Mama akamwambia aandike mpiga pasi. Lakini alipokwenda ukumbini aliambiwa picha imekwisha kuuzwa, na walioinunua walikuwa wameshaondoka kurudi kwao, ng'ambo, pamoja na karatasi yake.

Mama alijaribu kuwaeleza watu. Wengine walielewa. Wengine waliona memsabu anaficha alichokisikia kwa mumewe. Wengine waliona mama ndiye anayeficha, kwa uchungu. Alirudisha unga, wakaukataa, kwa sababu rambirambi hairudishwi, basi tukaula, na ulikuwa unga mzuri. Baba mkubwa hakujua afanye nini na kile kitambaa cha mkononi. Aliondoka nacho, akasema atakiacha mpaka kichakae chenyewe. Mimi nilikuwa nikiamka asubuhi nyingine nikiwa na baba, na nyingine nikiwa sina, bila kuwa na lolote jipya lililotokea katikati.

Baba alirudi zaidi ya mwaka mmoja baadaye, mchana, wakati nasugua sufuria kwenye bomba. Niliona mtu mwembamba amesimama na mfuko mdogo, akitazama milango kama mgeni. Cherehani ya jirani ilinyamaza. Jirani alitoka, akamwendea taratibu, akamshika mkono juu ya kiwiko, akambonyeza. Kisha akaniambia, bila kumwachia, "Njoo umwamkie baba yako."

Mama alipofika kutoka kazini alimkuta ameketi kitandani, ndugu zangu wamemzunguka bila kumgusa. Alisimama mlangoni. Akamwuliza amekula. Baba akasema amekula. Mama akampikia hata hivyo.

Jumapili iliyofuata mama alimwambia avae shati lililopigwa pasi, wafike mahali. Baba alidhani wanakwenda kanisani. Alimpeleka Milimani mpaka mlango wa jikoni, akabisha, na memsabu alipotoka akasema, "Huyu ndiye bwana." Memsabu alimpa baba mkono, akaleta chai, akasema pole mara nyingi, naye baba akashukuru bila kujua anapewa pole ya nini. Nilikuwapo, nimeshika kikombe ambacho sikuthubutu kunywea.

Tulipokuwa tukirudi ndipo baba alipouliza, "Yule mzungu alikuwa akinitazama nini vile?"

Mama akamweleza yote, tangu kigoda mpaka unga. Alieleza polepole, na pale alipokuwa hana hakika alisema hana hakika. Baba alisikiliza akitembea. Tulipofika relini alisimama kungoja garimoshi la mizigo lipite, na lilikuwa refu. Lilipokwisha kupita hakuvuka.

"Na wewe?" akamwuliza. "Uliamini?"

Mama alifikiri. "Siku nyingine niliamini," akasema. "Siku nyingine niliona uongo. Hata ulipokuja, usiku ule wa kwanza sikujua ni siku ipi."

Baba alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na hana hakika kama ni ghali au rahisi. Akamshika ndugu yangu mdogo mkono, wakavuka reli, nasi tukawafuata.