Sauti Ipo, Picha Hakuna

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya redio na video pale Shauri Moyo, Nairobi, nilipewa mashine ya video isiyotoa picha. Nikaivamia kwa bisibisi kabla hata sijawasalimia watu vizuri. Mkuu wa karakana, mzee mnene mwenye sauti ya upole, aliniacha mpaka nikaondoa kifuniko.

"Msichana, hiyo televisheni umeitafutia chaneli ya video?"

Sikuwa nimeitafuta. Alipoitafuta yeye, picha ikaja safi kabisa.

"Uliza kwanza, fungua baadaye," akasema. "Ukimpasua mtu asiyeumwa, wewe ndiwe ugonjwa."

Karakana nzima ilicheka, nami nikacheka nao kwa aibu.

Miaka ile ya tisini video ilikuwa mali. Ilikaa kabatini sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ufunguo alikuwa nao baba. Ikikataa kuonyesha tulianza na mambo mepesi: chaneli, waya uliolegea nyuma, kisha kanda nyingine. Kama kiooni ni chenga tupu, nukta nyeupe zinazorukaruka, lakini sauti inasikika, tulijua vichwa vimeziba. Ndani ya mashine mna ngoma, gurudumu la chuma linalozunguka kwa kasi, nalo limebeba vichwa vidogo vinavyosoma picha. Sauti husomwa na kichwa kingine kilichotulia kando, ndiyo maana moja yaweza kupotea nyingine ikabaki. Vichwa hivyo havipanguswi kwa pamba, kwa sababu nyuzi zake huvinasa na kuvivunja. Unalowesha ngozi laini kwa spiriti, unaishikilia bila kuitikisa, kisha unazungusha ngoma kwa kidole, polepole. Waliosugua juu na chini niliwajua wengi, na mashine zao nikazizika.

Baadaye nilipelekwa mtaa wa Jericho kusimamia duka letu karibu na soko. Msimamizi wa matawi alinikabidhi funguo akasema, "Watakuja wakitafuta mwanamume. Wewe watengenezee tu." Na kweli walikuja.

"Madam, fundi mwenyewe ako wapi?"

"Ndiye huyu anakuangalia," nawajibu.

Jumamosi moja niliitwa nyumbani kwa Baba Nekesa, karani wa reli. Mama yake alikuwa amezikwa kwao magharibi huku yeye amelazwa hospitalini, mguu umevunjika. Alikuwa kifungua mimba, na kwao kifungua mimba kutomzika mama yake ni jambo zito. Ndugu walirekodi mazishi katika kanda moja tu, dada yake akaileta Nairobi. Nilipoingia, sebule ilikuwa imejaa watu wa ukoo. Wimbo wa mazishi ulisikika vizuri, kiooni chenga.

"Pasta namsikia," Baba Nekesa aliniambia, mguu wenye plasta ukiwa juu ya stuli. "Lakini mama simuoni. Fundi, hiyo kanda ikiharibika, basi mimi sitawahi kumzika."

Mpwa wake akadakia, "Auntie, hii mashine imededi. Tuitupe tu."

"Tulia, kijana," nikamwambia. "Wewe si daktari."

Nilisafisha vichwa. Picha ikaja, watu na hema, kisha ikafifia. Nikasafisha tena, ikafifia tena. Hapo nikaitazama ngozi yangu, nikaona vumbi la hudhurungi. Nikalinusa.

"Dada, hii kanda ilisafirije?"

"Niliifukia ndani ya unga wa wimbi," dada mtu akasema, "ndio barabara isiivunje."

Watu waliangua kicheko, hata mgonjwa. Mimi sikucheka. Kila kanda ilipozunguka, unga ulikuwa unaikwaruza na kuifuta. Ilibidi kuifungua kanda yenyewe, kazi ambayo mafundi wengi waliikataa, maana ukanda ukikatika au kujikunja, sehemu hiyo huipati tena. Nilimweleza Baba Nekesa hivyo hivyo, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Fungua," akasema.

Nikafungua skrubu, nikatoa unga kwa brashi, kisha nikaupitisha ukanda wote juu ya ngozi kavu, nikiuzungusha kwa mkono. Nikaifunga, nikasafisha vichwa mara ya tatu, nikairudisha mashineni. Niliogopa, siwezi kuficha, lakini mikono yangu iliijua kazi yake.

Sasa nimestaafu, na video zenyewe zimestaafu kabla yangu. Wajukuu huniuliza kama siumii kuzeekea ufundi uliokufa. Siumii hata kidogo. Najivunia kila mashine niliyoifufua, na najivunia zaidi kwamba nilikuwa kwenye sebule ile picha iliporudi. Jeneza lilikuwa wazi, na uso wa marehemu ulionekana umetulia, leso nyeupe kichwani. Baba Nekesa alichukua magongo yake, akakataa kushikwa mkono, akasimama mbele ya televisheni mpaka wimbo ukaisha.

"Mama," akasema, "nimefika."