Nyama Yangu ya Kichuguuni

Mwezi uliopita nilikwenda mbugani na wajukuu zangu. Gari lilipopunguza mwendo, dereva akanyoosha kidole: "Mama, nyama ile pale!" Wajukuu wakashangilia. Mimi nikashika kiti kwa mikono miwili, na wala hakukuwa na simba. Lilikuwa neno tu.

Wewe uliyefundishwa Kiswahili sanifu, usinicheke. Kiswahili chetu cha kota za jeshi, kule Mbuya, hakikuwa na neno mnyama. Anayetembea aliitwa nyama, na aliyemo sufuriani aliitwa nyama. Tulielewana, au ndivyo tulivyodhani.

Ilikuwa miaka ya utawala wa kijeshi. Sukari ilikuwa hadithi, kipande cha sabuni tulikikata kwa uzi, na bibi yangu alipika maharage asubuhi na jioni huku akituambia kidogo si haba.

Kabla mambo hayajaharibika kabisa, mwalimu wetu alitupakia kwenye lori, akatupeleka mbugani kaskazini. Nyasi zilikuwa zimechomwa na kuchipua upya. Tuliona tembo, nyati, na vumbi la kutosha. Lakini mimi nilimpenda swala dume mmoja karibu na geti, amesimama peke yake kando ya kichuguu, pembe moja imepinda kama mpini wa mwavuli. Alipiga mluzi, na naapa alinitazama mimi. Mwalimu akasema dume wa namna ile hahami uwanja wake, ukirudi utamkuta hapo hapo. Nikajiambia, huyu wangu.

Haukupita muda, baba yangu, dereva wa lori la jeshi, akapangiwa safari ya huko huko. Nikaling'ang'ania gwanda lake.

"Baba, leta nyama yangu. Iko karibu na geti, kwa kichuguu. Pembe yake moja imepinda."

"Wewe nataka nyama?" Akaitazama mikono yangu iliyokonda. "Pole, mama. Baba italeta."

Siku tatu nzima nilikata majani nyuma ya kota. Nikajaza maji kwenye karai. Nikasuka kamba ya mgomba ya kumfunga shingoni, bibi akadhani nacheza.

Lori liliingia mchana. Baba alishuka akicheka, jambo la nadra siku zile, akaniita mbele ya majirani. Akafungua gunia. Kichwa kilikuwa juu, pembe imepinda, macho wazi.

"Nyama yako hii, mama! Mimi natafuta yeye mpaka napata. Ilikuwa pale pale kwa kichuguu, hapana kimbia hata kidogo."

Sikulia. Aliyemwelekeza baba ni mimi. Mimi! Bibi alikwisha kuwasha sigiri, makaa yanalia, majirani wanakuja na sahani, na baba amesimama ananingoja niseme neno. Nikasema, "Asante, baba." Jioni nikala. Ilikuwa tamu, na utamu ule ndio unaonitisha mpaka leo.

Vita vilipokuja, baba aliondoka na lori lake, hakurudi. Bibi naye alishatutoka, na kota zetu wanakaa wengine. Dereva yule wa mbugani aliniambia swala wameongezeka, nikamwomba tu asisimame penye kichuguu.

Sikumwambia baba kamwe. Aliondoka akijua kwamba siku moja, katika njaa ile yote, binti yake alimwomba kitu, naye akampa.