Mwiko wa Mama Cornelia

Nimepanga chumba kwa Mama Cornelia, hapa Kaengesa, mwaka wa tatu sasa. Mimi ni mtu wa Mbeya, bwana shamba, na nina ugonjwa mmoja usio na dawa: kuchunguza yasiyonihusu. Ndiyo maana Jumatatu moja ya mwezi wa sita, nilipomwona ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, sikuweza kunyamaza.

Alisema ni baridi tu. Haikuwa baridi. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba, na kano za dole gumba zilimuuma hata akigusa. Ulezi wake ulikuwa umeiva, na ulezi huku hukatwa suke moja moja kwa kisu kidogo, dole gumba likisukuma. Amekata hivyo miaka arobaini.

Lakini hakuogopa maumivu. Alimwogopa mwanawe Fabiani, anayenunua mahindi Laela. Fabiani alishasema kwamba mkono ukigoma msimu huu, shamba litakodishwa na mama atahamia kwake. Jumamosi angekuja kujionea.

"Nikihamia kule nitakuwa mgeni mpaka nizikwe," aliniambia.

Basi tukaanza utafiti. Kila usiku dawa moja, na kila asubuhi afunge sweta lake lenye vifungo vitano kwa mkono mbovu peke yake, mimi niandike. Jumatatu alipaka tangawizi iliyopondwa katika mafuta ya alizeti. Kulipokucha, vifungo vitatu. Jumanne alifunikia jani la kabichi: vitatu tena. Jumatano pumba za ulezi zilizopashwa moto na kutiwa kwenye soksi: vinne. Alhamisi tulimsikiliza jirani yetu Salome, akaloweka mkono kwenye maji ya moto yenye chumvi, akajifuta, akalala. Asubuhi hakufunga hata kimoja, na alinikasirikia mimi badala ya Salome.

Siku nzima kabichi ilinisumbua. Ina undugu gani na tangawizi hata zipate alama sawa? Jioni ndipo nilipokumbuka kwamba zile dawa tatu alizifungia kwa kipande cha kanga, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Maji ya chumvi hayafungwi. Nikamuuliza huwa analalaje. Alicheka, akanionyesha: mkono umekunjwa chini ya shavu, hivyo hivyo tangu utoto.

Nikamwomba usiku huo ajifunge bila dawa yoyote. Aliona namdharau, maana kitambaa kikavu kitaponya nini? Lakini udadisi unaambukiza. Kanga ilipolegea, yeye mwenyewe alichomeka mwiko wa zamani kandokando ya mkono, usikunjike, akalala nao.

Jumamosi alifunga vifungo vyote vitano. Akavifungua, akavifunga tena, akiniangalia.

"Sasa kabichi yangu tuliipotezea nini, bwana shamba?"

Kupona hakupona. Akisukuma kisu, dole lilimkumbusha. Alikuwa amejifunga mwiko tena, anapumzisha mkono kabla ya kwenda shambani, Fabiani alipoingia na pikapu tupu. Aliutazama ule mwiko, akasema kwamba mtu wa kufungwa hivyo si wa kulima tena, afadhali wapakie vitu mapema.

Mama Cornelia hakubishana. Alimpa kisu, akamwambia wamalize kwanza kipande kilichobaki. Fabiani ni mtu wa kubeba magunia, alikichukua kisu kile akitabasamu. Hadi saa kumi walikata, mama akipumzika kila alipotaka, yeye akiona haya kupumzika.

Wakati wa kula, tonge lilimponyoka Fabiani mara mbili. Aliusugua mkono wake chini ya meza.

"Mama," alisema mwishowe, "kuna mwiko mwingine?"

Mama alinyanyuka, akaosha ule wa kusongea ugali, akamfunga mwenyewe taratibu, kama alivyomfunga nepi zamani. Wala hakumcheka. Mimi ndiye niliyetoka nje kucheka.

Asubuhi Fabiani aliondoka na pikapu ile ile, tupu. Suala la kuhama halikutajwa. Alisema atarudi Jumamosi inayofuata na kisu chake mwenyewe, na watu wawili wa kumsaidia. Mwiko aliondoka nao mkononi, na wiki nzima ugali tuliusonga kwa ule mwiko wa zamani, tukiuosha kila jioni kabla mwenyewe hajaenda kulala nao.