Nusu ya Njia

Nidia Cipagauta hakuwaogopa wezi wa Bogotá wala mbwa wa jirani. Alimwogopa Profesa Hortúa, mtahini wake, mzee mwenye desturi moja ya kuudhi: siku ya kutetea tasnifu, lazima ufanye ubaoni, kwa mkono wako, mfano mdogo kuliko yote wa kanuni yako.

Asubuhi ya siku hiyo, kantini, Nidia akaujaribu. Vikombe vitatu kwenye duara. Vizungushe vyote nafasi moja, kulia au kushoto, kisha vizungushe vyote tena, hadi kila kimoja kikae alipokuwa jirani yake wa kulia. Njia ni ngapi? Moja tu: zungusha kushoto mara mbili. Kanuni yake ya kuhesabia njia hizo, aliyoitolea jasho miaka yote ile, ilisema nusu.

Nusu ya njia! Aliona zamani kwamba kila njia ina pacha wake kwenye kioo, akagawanya kwa mbili, na maringo juu. Kumbe ipo njia ambayo pacha wake ni yenyewe.

“Dokta, kanuni imevunjika,” alimnong’oneza msimamizi wake, Abello, mlangoni pa ukumbi wa utetezi.

“Kwenye mfano gani?”

“Wa vitu vitatu.”

“Yesu na Maria! Vitatu? Nyamaza basi. Labda leo mzee atasahau.”

Mstari wa mbele alikaa mama yake, Bi Otilia, na ruana yake mpya, joho zito la sufu, mabegani, aliyetoka Boyacá kwa basi la alfajiri kuja kumwona bintiye akiwa daktari wa hesabu. Nidia alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Haya, binti,” Hortúa akasema. “Vitu vitatu. Tuone.”

Abello akainamisha kichwa. Nidia angeweza kuandika moja na kupita. Akaandika nusu.

“Nimekosea, Profesa. Nimegawanya hata zile njia ambazo ni pacha wa nafsi zao.”

“Vitu vikiwa vingi, hizo ziko ngapi?”

“Sijui.”

Hortúa akamwendea ubaoni, akashusha sauti. “Nenda kazihesabu, mwanangu. Leo hupiti.” Kisha akampa mkono, kwa heshima.

Bi Otilia hakuwa amesikia hukumu hiyo ya chini chini. Alipoona mikono imeshikana, alisimama akapiga makofi kwa nguvu zote, peke yake.

“Daktari wangu huyo!”

Nidia aliukodolea macho ubao. Hakuthubutu kugeuka.